Ndoo ya Bluu Kutoka Pugu

Nauli ya basi kutoka Moshi hadi Dar siku hizi inauma, na kwa hela hiyohiyo nikapewa kiti cha nyuma kabisa, magoti yamekaribia kidevu, feni ya juu imekufa. Nilisamehe. Dada yangu alikuwa amejifungua wiki mbili nyuma, na mama alinituma kazi moja tu: kampikie kisusio. Kwetu Marangu mzazi haponi kwa supu ya broila. Anachinjiwa mbuzi, damu inakingwa, inapikwa kwenye supu yenye mafuta mpaka inakuwa nzito, anakunywa akitoka jasho.

Siku tatu za kwanza pale Kimara sina cha kusimulia. Nililala, nikalowa jasho la Februari, nikabeba mtoto. Jumamosi shemeji akanipeleka mnada wa Pugu. Kabla hatujatoka niliokota ndoo ya bluu yenye mfuniko pale uani, nikaisuuza, nikatia kijiko cha chumvi. Ikumbukeni hiyo ndoo.

Mnadani lafudhi iliniuza nilipofungua mdomo tu. Beberu ambaye kwetu ningemchukua kwa laki na nusu, dalali alimtaja laki tatu, tukasukumana hadi laki mbili na thelathini. Dada amepanga, na uani hapachinjwi, kwa hiyo tulimpeleka kwa mzee mmoja anayechinjia wateja hapohapo jirani. Mzee akasoma bismillahi yake, akaona ndoo yangu.

"Kijana, hiyo unakinga ya nini?"

"Ya kupika, mzee."

Akanitazama kama mtu anayemwona mtoto mkubwa anakula udongo. "Mimi nimechinja. Hayo mengine siyaoni." Akageuka, akaanza kunoa kisu ambacho kilikuwa kikali tayari.

Damu haikusubiri mtu. Inatakiwa uikoroge kwa kijiti tangu inapoanza kutiririka. Nyuzi zake zinajisokota kwenye kijiti kama utando, unazitupa, na kinachobaki hakigandi tena. Hilo nalijua tangu nina miaka kumi. Lakini dakika ileile akaja kijana kudai elfu kumi ya kuchinjia wakati tulikubaliana tano, nikainuka kubishana naye, na niliporudi nusu ya ndoo ilikuwa imeshikana mabonge kama maini. Nilikoroga kwa hasira. Elfu tano nilizookoa zilinigharimu nusu ya kazi yangu.

Shemeji alipanda bodaboda na nyama. Mimi na ndoo hatukutosha, tukapanda daladala ya kwenda Ubungo.

Konda, kijana wa meno ya mbele wazi, aliniuliza, "Mangi, ndoo ina nini?" Mangi ndivyo Wachaga tunavyoitwa mjini, sijui alinijuaje. Nikajibu supu. Akasema supu inakaa kiti, italipa nauli ya mtu mzima. Nikalipa. Tulikuwa tumebanana, joto linapanda kutoka kwenye bati la sakafu, mimi nawaza damu tu, maana joto na damu havikai pamoja, na nilikuwa nimeifungia vipande viwili tu vya barafu kwenye mfuko pembeni. Tazara foleni. Tulipoingia Barabara ya Mandela gari likaanza kukimbia kufidia muda, na kabla ya Buguruni dereva akapanda tuta bila kupunguza mwendo.

Mfuniko uliruka. Haikumwagika nyingi, kikombe kimoja labda, lakini tone moja lilitua kwenye raba nyeupe ya binti aliyekaa mbele yangu. Akaangalia kiatu, akaangalia ndoo, akapiga ukelele ambao naamini ulisikika Tabata.

"Damu! Ana ndoo ya damu!"

Dar es Salaam ukiwa na ndoo ya damu ndani ya daladala huna maelezo mafupi. Mmoja akasema kafara. Mwingine akasema mwangalieni hata macho yake. Konda akagonga bodi, "Dereva weka pembeni!" Nikasema ni ya mbuzi. "Utatuhakikishiaje?" Nikashika mfuniko kwa mikono miwili kama usukani, kinywa kimekauka. Hapo ndipo sauti ya mama mtu mzima ikatoka kiti cha nyuma, imetulia kabisa:

"Mangi, kisusio hicho?"

"Ndiyo mama."

"Kuna mzazi?"

"Dada yangu, yuko Kimara."

"Haya, mwacheni. Chakula cha kwetu hicho. Mmekula utumbo wote mjini hapa mnaogopa damu?"

Watu wakacheka, ila si wote. Baba mmoja mwenye Biblia mapajani akasema Walawi sura ya 17 imekataza, uhai wa mwili umo katika damu. Mwingine akasema hata kwenye Kurani ni haramu, kwa hiyo leo wamekubaliana. Yule mama akawajibu kwamba mzazi huyo wa Kimara hajasoma Walawi. Wakabishana hadi Ubungo, mimi wamenisahau. Yule binti nilimpa elfu mbili ya kufulia raba. Alipokea kwa ncha za vidole.

Nilipofika uani, mama mwenye nyumba, Bi Mkubwa tunamwita, alikuwa kwenye mkeka anachambua mchele. Shikamoo, marahaba, kisha macho yake yakatua kwenye ndoo.

"Hiyo si ndoo yangu ya kutawadhia?"

Nilitamani tuta lingine. Niliomba radhi, nikaahidi kununua mpya jioni ileile. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Hiyo sasa yako, mwanangu. Na usipikie jikoni kwangu." Nikawasha jiko la mkaa kwenye kona ya ukuta, mbali na kamba ya nguo.

Nilianza na mabonge: nikayakata vipande, nikayachemsha pembeni mpaka yakawa magumu kama jibini. Ile laini nikaichuja. Mbichi hatunywi, tangu homa ya Bonde la Ufa ya 2007, ile inayotoka kwa mifugo, baba aliipiga marufuku nyumbani, na mimi sina ubishi naye. Supu ikachemka, harufu ikapanda, na Bi Mkubwa akasogea na ukingo wa kanga puani.

"Haijaoza," alisema. "Inanuka sarafu."

Ni kweli. Chuma kile. Nimekua nacho hata sikinusi tena. Nyumbani tunakivunja kwa mafuta ya mbuzi na maziwa mgando, basi. Mimi ni mpishi wa watalii mlimani, na nimewasikia wakisimulia ya kwao: Mswidi mmoja alisema kwao pudini ya damu inaliwa na jamu ya matunda mekundu machachu, Mfilipino akasema bila siki hawapiki, Mhispania wa Burgos alinieleza soseji ya damu yenye wali na vitunguu tele. Nilidhani ni mikogo ya wageni.

"Maini unayapikaje?" akaniuliza.

"Chumvi na kitunguu."

Akaguna. "Maini yana harufu hiyohiyo, na sisi tunayapiga ndimu na tangawizi. Ila hapo ndimu usitie, ikichemka sana inatoa uchungu. Tia ukwaju. Vitunguu vikaange mpaka viwe vyekundu, upate utamu. Karafuu mbili, zisizidi, utamlisha mzazi dawa ya jino." Kisha akaongeza, "Mimi sili, lakini kupika najua."

Akamtuma mjukuu alete ukwaju. Nikagawa supu sufuria mbili, moja kwa mapishi ya mama, moja kwa mapishi ya Bi Mkubwa. Damu nikaimimina polepole, moto mdogo, mwiko hausimami, maana damu huiva kama yai: ukiiharakisha inakuwa chengachenga. Ilitoka nyekundu, ikawa kahawia, ikaishia rangi ya kahawa ya kijiweni. Nikaonja ya ukwaju. Sarafu imepotea. Kulikuwa na nyama, utamu wa kitunguu, halafu uchachu unaokuja mwisho na kukufanya urudishe kijiko. Nimepika miaka kumi na minne, na nimesahihishwa na mtu ambaye hajawahi kuonja hata tone.

Dada alikunywa bakuli la kwanza, la ukwaju, akasema tamu. Kisha akauliza, "Kile cha mama kiko wapi?" Akakimaliza chote, hakusema kitu, akageukia ukutani akalala. Shemeji alikula mabonge yaliyobaki na pilipili, akidai ni maini. Sikumsahihisha.

Ndoo mpya ilikuwa elfu nane. Moshi ni sita. Jumatatu Mbezi, stendi ya Magufuli, nilipanda basi na ile ya bluu, ndani Bi Mkubwa ameweka ukwaju kilo nzima kwenye karatasi. Konda wa mizigo akaigonga kwa kidole.

"Mzee, humu kuna nini?"

"Ukwaju."

Alinitazama, akataka nifungue. Nikafungua.