Kabla hujakopa laptopu mpya, angalia diski

Naandika haya kwa ajili ya walimu wenzangu, maana kila muhula namwona mtu anaingia kwenye mkopo wa laptopu mpya wakati ile ya zamani ina kiungo kimoja tu kilichochoka. Yangu ni ThinkPad T430, toleo la 2012, niliinunua ikiwa imeshatumika. Kwa kuandikia, sijakutana na kibodi inayoifikia. Lakini ilifika mahali naiwasha, naenda paredi, nikirudi ofisini Word haijafunguka.

Fundi mmoja aliitazama akasema, "Mwalimu, hii imekula chumvi nyingi. Tafuta nyingine." Sikukubali. Nilifungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha kila kiungo kinafanya kazi kiasi gani: prosesa imetulia kabisa, diski imeelemewa, iko asilimia 100.

Ndani ya diski ya zamani kuna sahani zinazozunguka na mkono unaosogea kutafuta data. Sahani zikizunguka mara 7200 kwa dakika, kusubiri tu data ipite chini ya mkono huchukua wastani wa milisekunde 4, mbali na muda wa mkono wenyewe kusogea. Unaweza kusema ni kidogo. Lakini Windows inapowaka inatafuta maelfu ya mafaili madogo yaliyotawanyika, na kila moja lina foleni yake. SSD, yaani diski ya kisasa, ni chipu tupu, hakuna kinachozunguka, na jibu lake huja chini ya milisekunde moja. Ndiyo maana nawaambia watu wasihangaike sana na ile kasi kubwa iliyoandikwa kwenye boksi. Nafuu utakayoisikia inatoka kwenye mafaili madogo. Tena sisi tunaobeba laptopu mgongoni juu ya bodaboda, kwenye barabara hizi za vumbi, tuna sababu ya pili ya kuzikimbia sahani.

Niliipima diski kwa CrystalDiskInfo, programu ya kuangalia afya ya diski. Ikatoa rangi ya njano na neno Caution: kuna sehemu zilikuwa hazisomeki vizuri. Ukiona hivyo, tafadhali, acha mengine yote uokoe kazi zako. Mitihani, maksi, picha za marehemu baba, vyote nilivihamishia kwenye diski ya nje kabla sijagusa bisibisi.

Nilifikiria kunakili diski nzima kwa Clonezilla. Kwa kawaida programu hiyo inataka diski mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani, na hapo wengi hukwama: ya zamani ni GB 500, ya dukani ni GB 480, basi inakataa. Ipo njia ya kupunguza patisheni (mgawanyo wa nafasi ndani ya diski) kwanza, ila diski iliyokwisha kuwa ya njano sikutaka kuitesa. Nikaamua kuweka mfumo upya kwenye SSD: Linux Mint badala ya Windows, na LibreOffice badala ya Word. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma zake za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa ya T430 haimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11, kwa hiyo sikuona cha kupoteza.

Kufunga kwenyewe ni kazi ndogo. Zima, chomoa chaja, toa betri. Kwenye T430 kuna kifuniko ubavuni, upande wa kulia, kinachoshikwa na skrubu moja. Ukikitoa, diski unaivuta taratibu kwa ulimi wake. Vua zile raba mbili za pembeni, ivalishe SSD ya inchi 2.5, irudishe mpaka ikae.

Sasa nikiiwasha sina muda wa kwenda popote, imeshakuwa tayari. Ila SSD nayo hufa, mara nyingine bila dalili yoyote, na faili ulilolifuta humo ni vigumu sana kulirudisha. Kwa hiyo maksi za wanafunzi naendelea kuzinakili nje kila Ijumaa kabla ya kufunga ofisi. Mshahara ukiruhusu nitaongeza memori (RAM): laptopu yangu ina GB 4, na T430 inabeba hadi GB 16.