Raba Iliyobaki Mezani

Nilichuchumaa kujaza upepo tairi la mbele kushoto, nikaona duara jeusi la mafuta mazito ndani ya rimu, kama kuna mtu kalirashia kwa brashi. Wazo la kwanza likawa breki inavuja. Nikagusa. Mafuta ya breki ni mepesi, haya yalinata vidoleni na yalikuwa na mchanga.

Nikakata usukani hadi mwisho, nikachungulia nyuma ya tairi. Raba ya CV jointi, kile kiungo cha ekseli kinachozungusha tairi hata likikata kona, ilikuwa imepasuka kwenye kunjo moja, ufa wa urefu wa kidole gumba. Ekseli ikizunguka, grisi inarukia nje, vumbi na maji vinaingia kushika nafasi yake.

Jirani yangu ni fundi, mtu mzima kunipita. Akauliza, "Ukikata kona inalia ka-ka-ka?"

"Hapana, kaka, bado."

"Basi una bahati, mdogo wangu. Ikishalia hununui raba tena, unanunua jointi." Akaniazima soketi namba 32. "Nati ya ekseli ilegeze tairi likiwa chini. Usije ukaihangaikia gari likiwa juu ya jeki."

Alikuwa na haki. Ile nati nilichomeka bomba kwenye mpini wa spana, nikasimama juu yake kwa miguu yote miwili, ndipo ikakubali. Mengine yalikwenda: tairi likatoka, boli jointi ikaachia, habu nikaivuta pembeni, ekseli ikachomoka. Jointi yenyewe nikaigonga kwa nyundo hadi ikaruka kwenye meno ya shafti.

Hapo nilijisahau. Niliiosha kwa mafuta ya taa, nikainamisha kizimba chake na kutoa gololi moja moja, zote sita, nikazipanga kwenye kitambaa kwa mpangilio wa mashimo yake. Kila moja niliigeuza juani kutafuta vishimo. Zilikuwa laini, zinang'aa, hata uso wangu ulionekana ndani yake, umevimba kama chura. Sijui kwa nini nilifurahi kiasi kile kwa vyuma ambavyo hadi asubuhi hiyo sikuwahi kuviona.

Nikazirudisha, nikasindilia grisi mpya, ile nyeusi yenye molibdenamu iliyokuja na raba, mpaka ikatokeza upande wa pili. Nikaweka kiklipu kipya kwenye shafti, nikaipachika jointi, nikapiga nyundo mara tatu. Ta! Kiklipu kikakaa. Nikaivuta kwa nguvu zangu zote, haikutoka. Nikajisifu kimoyomoyo.

"Sasa raba unaivalisha lini?"

Fundi alikuwa kaegemea ukuta, sijui tangu saa ngapi. Nikageuka. Raba ilikuwa mezani, safi, pembeni yake vibano viwili. Inatakiwa itangulie kwenye shafti kabla ya jointi, na hilo nilikuwa nalijua.

"Kaka, umeniangalia muda wote huu?"

"Nilikuwa nangoja uone mwenyewe."

Nyundo tena, safari hii mikono imejaa grisi na jointi inateleza kama sabuni. Kibano kidogo, raba, kiklipu, jointi, ta. Kabla ya kukaza kibano kikubwa nikapitisha ncha butu ya bisibisi chini ya mdomo wa raba, hewa ikatoka kwa sauti ya aibu. Nati mpya nikaikaza gari likiwa limeshashuka, nikaigonga ukingo wake isilegee.

Nilizunguka uwanjani nimekata usukani hadi mwisho, vioo vimeshushwa, fundi katega sikio. Kimya. Akaniashiria nisimame, akainama upande wa kulia, akaiminya raba ya huko kwa kidole gumba. Kunjo lilipofunguka, nyufa nyembamba kama unywele zikaonekana pande zote.

Nikanyoosha mkono kumrudishia soketi yake.

"Kaa nayo," akasema.