Kabla ya Kuhesabu Boti

Mwaka juzi mjomba wangu alivunjika nyonga huko Siyu, katika kisiwa cha Pate hapa Lamu, nasi tukamtoa kwa kitanda cha kamba wakati maji yamekwisha kupwa. Boti ilikuwa imetia nanga nje ya mikoko, kwa hiyo wanaume wanane tulimbeba katika matope yaliyotufika magotini, huku mkewe akimkinga jua kwa kanga. Naye alikuwa mgonjwa mmoja tu. Je, boti mbili za abiria zikigongana, tukapata majeruhi thelathini kwa mara moja?

Yakitajwa maandalizi ya maafa, wengi wetu huanza kuhesabu boti na ambulensi. Naona hesabu hiyo ianzie mwisho wa safari: kila hospitali inaweza kupokea mahututi wangapi kwa saa moja, ina mpasuaji aliye tayari, ina damu kiasi gani. Bila majibu hayo kila nahodha atakimbilia gati la karibu, na Hospitali ya King Fahd ya mjini Lamu itajaa waliochubuka kabla ya wanaovuja damu kufika, kwa kuwa mwenye jeraha dogo ndiye awezaye kurukia boti ya kwanza. Jambo hili si la kwetu peke yetu. Katika shambulio la gesi ya sumu ya sarini mjini Tokyo, Machi 1995, Hospitali ya St. Luke's ilipokea watu 640 siku hiyo moja, wengi wao wakiwa wamejifikisha bila ambulensi.

Ndiyo maana wauguzi huwapanga majeruhi kwa rangi: nyekundu kwa asiyeweza kungoja, njano kwa awezaye kungoja kidogo, kijani kwa anayetembea. Huku Lamu ningeongeza swali la maji. Mwenye kijani anaweza kubaki kwenye zahanati ya kisiwani hadi maji yajae. Mwenye nyekundu anayehitaji hospitali kubwa ya Mombasa afikiriwe uwanja wa ndege wa Manda, maana barabara ya Mokowe, Witu, Garsen hadi Malindi ni ndefu, na Mombasa bado iko mbele. Gatini asimame mtu mmoja mwenye redio na daftari, aandike nani kapanda boti gani na anapelekwa wapi, na neno lake lisipingwe hata na mheshimiwa. (Simu tusizitegemee; siku kama hiyo kila mtu anapiga.)

Katika mipango hiyo manahodha nao waitwe, kwa sababu wao ndio wanaojua siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, bila kufungua jedwali. Nahodha wetu wa Siyu alitusihi tungoje saa mbili, maji yangerudi na boti ingeingia hadi gatini. Tulimwona hana huruma, tukaingia matopeni. Tulipomfikisha mjomba botini, maji yalikuwa yamekwisha kutufika kiunoni.