Wimbo mmoja, umbali tofauti: kumbukumbu ya mradi wangu

Mradi wenyewe ni huu. Nachukua wimbo mmoja wa taarab ambao marehemu nyanya aliutunga na haujapata kutoka nje ya harusi za ukoo wetu, nao naurekodi kwa njia mbalimbali: mwimbaji yule yule, ala zile zile, nyumba ile ile ya Mji wa Kale, Mombasa. Maneno hayabadiliki, lahani haibadiliki. Kinachobadilika ni pale maiki inapowekwa, wapigaji wanapiga pamoja au mmoja mmoja, na sauti inafanyiwa nini ikishaingia kwenye kompyuta. Naamini kwamba sehemu kubwa ya kile tunachokiita sauti ya wimbo hutengenezwa hapo, na watu wanaotengeneza hapo hawatajwi. Nataka kuisikia kazi yao kwa masikio yangu.

Anayeimba ni shangazi, aliyezoea kumbi za harusi. Udi, ile ala ya nyuzi, anapiga mjomba; dumbak, ngoma ndogo ya mkono, binamu yangu; fidla jirani.

Kaskazi: chumba

Nilianza na chumba kabla ya maiki. Nyumba yetu ni ya mawe ya matumbawe, kuta nene, dari ya boriti za mikoko. Vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba kwa sababu upana hauwezi kupita urefu wa boriti. Chetu kina upana wa mita 2.8. Katika joto la nyuzi 30 sauti husafiri kama mita 349 kwa sekunde, na kati ya kuta mbili zinazotazamana kuna wimbi linaloenea pale barabara, likarudi na kujiongeza nguvu. Kwa upana wetu ni wimbi la kama hezi 62, yaani mitetemo 62 kwa sekunde. Karibu na hapo ndipo ulipo uzi mnene kabisa wa udi. Mjomba akiugusa uzi huo, chumba kizima kinauitikia na kuukuza kuliko nyuzi zake nyingine. Mikoko iliyokatwa kabla baba yangu hajazaliwa ndiyo inayoamua uzito wa udi katika rekodi yangu.

Leso na mapazia hayasaidii kitu kwa sauti nzito namna hiyo. Kilichosaidia ni kuhama. Karibu na ukuta uzi ule unajaa mpaka unameza mengine, katikati ya chumba unakonda. Nikamwekea mjomba kiti kama hatua moja kutoka ukutani, maiki nikaileta katikati, na magodoro mawili ya sufi nikayaegemeza kwenye ukuta wa pili ili yale makali ya juu yasirukeruke. Tunarekodi baada ya Isha, kunguru wamelala, tuktuk zimepungua, feni imezimwa. Feni ikizimwa Mombasa wakati wa kaskazi, kila mtu anapiga kazi kwa haraka.

Maiki moja

Toleo la kwanza ni la maiki moja tu, wote chumbani kwa pamoja. Hivi ndivyo walivyofanya wazee wa kazi hii. Kabla ya 1925, umeme ulipoanza kutumika kurekodi, watu waliimba ndani ya pembe kubwa na nguvu ya sauti yao wenyewe ndiyo iliyosukuma sindano. Hata maiki ilipokuja, mizani ya wimbo iliwekwa kwa miguu: mwenye sauti ndogo asogee mbele, mwenye ala kali arudi nyuma. Siti binti Saad na wenzake waliposafiri kutoka Unguja kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za kampuni ya HMV, hakukuwa na kurekebisha kesho. Kilichoingia kimeingia.

Basi nasi tukapangana kwa miguu. Shangazi hatua moja kutoka kwa maiki, udi hatua moja na nusu, fidla nyuma yake, dumbak mlangoni kabisa. Kila mita moja inachelewesha sauti kwa kama milisekunde 3, kwa hiyo dumbak ya mlangoni inafika baadaye kidogo na imeshabeba chumba ndani yake. Ukisikiliza kwa hedifoni unamwona kila mtu alipokaa. Hilo sikulitarajia kwa maiki moja, na ndilo ninalolipenda kupita yote katika toleo hili.

Jambo la pili ni muda. Santuri ya mizunguko 78 ilibeba kama dakika 3 kila upande. Nikamwomba shangazi auimbe wimbo ndani ya muda huo. Harusini ubeti mmoja anaurudia mpaka aliyekusudiwa aelewe kwamba ni yeye, na fidla inajibu kila mstari. Ndani ya dakika 3 hakuna nafasi ya hayo. Akaacha beti mbili, akafuta marudio, fidla ikabaki na jibu moja tu mwishoni mwa ubeti. Wimbo ukanyooka. Ulikuwa mzuri, ila ulikuwa wimbo mwingine: unasimulia, hausemeshi mtu. Tangu siku ile nikisikiliza santuri za zamani najiuliza beti zipi ziliachwa nyumbani.

Ramadhani tulipumzika.

Masika: tabaka juu ya tabaka

Les Paul wa Marekani ndiye aliyewaonyesha wengi kwamba mtu mmoja anaweza kuwa kundi. Mwaka 1951 yeye na Mary Ford walitoa nyimbo ambazo gitaa nyingi na sauti nyingi zote ni zao wawili, zimepangwa juu ya utepe tabaka kwa tabaka. Mashine ya Ampex yenye traki 8, yaani njia 8 za sauti zinazorekodiwa kila moja peke yake, ilimfikia 1957, na baada ya hapo studio duniani zikafuata polepole. Leo simu ya mfukoni inafanya zaidi ya hivyo.

Tukarekodi dumbak peke yake kwa mdundo wa kompyuta, halafu udi, halafu fidla, shangazi mwisho. Kila ala safi, hakuna sauti ya mtu inayovuja kwa mwingine, na ningeweza kupandisha udi bila kugusa dumbak. Lakini binamu yangu huwa anamtazama shangazi mdomo. Akimwona anavuta pumzi, anamsubiri. Kwa mdundo wa kompyuta hakuna wa kumsubiri, na pale mwisho wa ubeti ambapo sote tunajua wimbo husimama kidogo, haukusimama. Shangazi alivua hedifoni akasema, "Mwanangu, hawa wananikimbiza." Tukabadilisha utaratibu: shangazi na mjomba wakarekodi kwanza pamoja, bila mdundo wowote, kisha wengine wakapiga juu yao. Usafi ulipungua, kwa kuwa udi umevuja ndani ya maiki ya shangazi, na wimbo ukapumua tena. Kwa taarab sitarudi kwenye mdundo wa kompyuta. Kwa muziki wa kucheza wa vijana ni sawa kabisa, ule umejengwa juu ya mdundo huo tangu mwanzo.

Sentimita 10

Hapa ndipo mradi uliponishika. Maiki nyingi za kuimbia, zile zinazosikiliza zaidi upande wa mbele, zina tabia moja: ukizisogelea sana, sauti nzito inaongezeka yenyewe. Mwimbaji aliyekaribia anasikika mnene, wa joto, yuko sikioni mwako. Bing Crosby na waimbaji wa Marekani wa miaka ya 1930 walijenga umaarufu wao juu ya uwezekano huo wa kuimba kwa sauti ndogo mbele ya bendi kubwa. Kabla ya maiki ya umeme, sauti ya namna ile isingefika hata safu ya tatu.

Nikamweka shangazi sentimita 10 kutoka kwa maiki, na kitambaa chembamba katikati ili herufi p na b zisipasuke. Nikamwambia, "Shangazi, imba kama unamwambia mtu aliyelala karibu nawe." Alinitazama, akanyamaza kidogo, kisha akaanza.

Ubeti wa pili wa nyanya ni fumbo. Harusini unaimbwa kwa kifua, shangazi amesimama, mkono juu, na wanawake wanashangilia kwa sababu wanajua unamlenga nani. Ni mkuki wa hadharani. Kwa sentimita 10, maneno yale yale yaligeuka malalamiko ya mwanamke aliyeumia na hataki mtu ajue. Neno la mwisho la ubeti halikumalizika vizuri, pumzi ililimaliza. Nikaweka kompresa, kifaa kinachobana sauti kubwa ili zile ndogo zipande, kwa uwiano wa 4 kwa 1, na pumzi ile ikaja mbele sawasawa na neno lenyewe. Mjomba alisikiliza, akaomba asikilize tena, akasema hajawahi kujua kwamba marehemu nyanya alikuwa na huzuni ile.

Sidhani nyanya aliutunga ubeti hivyo. Lakini wala siwezi kusema maiki imedanganya. Imechagua.

Mwangwi na lahani

Mwangwi nimeupitia haraka. Sam Phillips, mwenye studio huko Memphis, Marekani, aliupata miaka ya 1950 kwa kupitisha sauti kwenye mashine ya pili ya utepe, umbali baina ya kichwa cha kurekodia na cha kusomea ukaleta ucheleweshaji. Nilipoweka ucheleweshaji wa sehemu moja ya kumi ya sekunde, nilikuwa nimejenga ukuta ulio mita 17 mbele ya shangazi, ndani ya chumba cha mita 2.8. Ulipendeza kwenye beti za hadharani na uliharibu ubeti wa fumbo.

Kurekebisha lahani ni jambo zito zaidi. Andy Hildebrand, aliyekuwa akichambua mawimbi ya ardhini kwa ajili ya kutafuta mafuta, alitoa programu ya Auto-Tune mwaka 1997, na mwaka uliofuata mwimbaji Cher akaitumia waziwazi kwa kuweka kasi yake juu kabisa. Programu hizi huanza na sauti 12 za piano. Wimbo wetu una sehemu ya Bayati, mojawapo ya maqam, yaani mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu, na sauti yake ya pili inakaa kati ya vibonye viwili vya kinanda. Programu ilipomgusa shangazi pale, mara ikamvuta chini, mara juu, katika neno moja. Ile ladha ya Bayati ikatoweka na ukabaki wimbo wa huzuni wa kawaida wa redioni. Unaweza kuifundisha programu maqam kwa mkono, kuiambia sauti ile ikae katikati, nami nilifanya hivyo na ikatii. Lakini shangazi mwenyewe akipanda huikalia juu kidogo, akishuka huikalia chini kidogo. Nimeizima. Nawashauri wanaorekodi taarab wasikilize sehemu hizo moja moja kabla ya kubonyeza.

Ilipofikia kazi

Toleo la maiki moja limekamilika. La tabaka linasubiri fidla. La karibu, shangazi amesema lisitoke nje ya familia, na nimelitoa kwenye kompyuta nikampa yeye kwenye flashi.

Bado waitikiaji. Mwaka 1966 Ken Townsend wa studio ya Abbey Road, London, alibuni njia ya kuifanya sauti moja isikike kama mbili kwa mashine, kwa ajili ya Beatles waliochoka kuimba mara mbili. Mimi nina shangazi wengine na binti zao, kwa hiyo mashine haihitajiki. Maiki nitaitundika kwenye boriti ya katikati, nao wakae duara chini yake juu ya mkeka, wenye sauti kali mbali, wenye sauti laini karibu. Tumekubaliana Alhamisi, baada ya Isha.