Mstari mtupu kwenye kadi ya kliniki

Jumamosi nilikuwa natafuta cheti cha kuzaliwa cha mwanangu kwenye sanduku, nikakutana na kadi yake ya kliniki. Nikakaa chini kuisoma. Chanjo ya BCG ya kifua kikuu imo, matone ya polio, penta (ile ya magonjwa 5 kwa pamoja) zote 3, ya nimonia, ya rota ya kuharisha, surua-rubela ya miezi 9. Chini yake mstari mmoja mtupu: surua-rubela ya pili, miezi 18. Mwanangu ana miezi 20.

Moyo ulinipasuka. Hapa Mbagala tumejizoesha kwamba mtoto akishachomwa ile ya miezi 9, kliniki imekwisha. Mimi nauza vitumbua, nikarudi kwenye karai langu na miezi ikakatika.

Jumapili usiku sikuloweka mchele. Jumatatu saa 1 asubuhi tulikuwa kwenye benchi la zahanati, mtoto mgongoni. Nesi hakunigombeza. Akampima uzito, akaniambia, "Mama, umechelewa lakini hujakosa." Nikamuuliza kwa nini irudiwe. Akasema kuna watoto ambao wakifika miezi 9 bado wana kinga waliyotoka nayo tumboni kwa mama, na kinga hiyo huidhoofisha chanjo. Katika watoto 100, kama 15 hivi hubaki bila ulinzi, na hakuna anayejua ni wa nani. Hii ya pili ndiyo inawafikia. Akaongeza kwamba virusi vya surua hubaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka chumbani. Nikaiwaza daladala tuliyokuja nayo, tulivyobanana, mwanangu akipumua hewa ya kila mtu.

Mama yangu hahitaji maelezo hayo. Kwao Rufiji surua ilimchukua mdogo wake wa kike. Anasimulia macho yalivyovimba yakajaa tongotongo, vipele vikaanza kupoa, wakadhani amepona, kumbe kichomi kimeshaingia kifuani. Hakufika siku ya nne. Mpaka leo mama akiipita hadithi hiyo hunyamaza kidogo, kisha huomba maji.

Sindano ilikuwa ya mkononi, bure, kilio cha dakika moja. Nesi akanitahadharisha kwamba homa inaweza kuja baada ya wiki moja au zaidi, nisishtuke.

Jioni nilimgongea jirani, mwanawe amepishana na wangu wiki 3. Tukaifungua kadi yake kwenye mwanga wa simu. Mstari uleule, mtupu. Alhamisi tunakwenda wote.