Bustani kubwa ya burudani Dar: tuulizane kwanza habari ya Jumanne

Kila picha za rola kosta za Abu Dhabi, vile vigari vya kasi vinavyopanda na kushuka kwenye reli, zinapozunguka kwenye simu, swali huwa lilelile: na sisi lini? Mei 2025 Disney walitangaza kwamba bustani yao ya saba itajengwa kisiwa cha Yas, Abu Dhabi. Kwa Waswahili walioko Muscat au Dubai hiyo ni safari ya gari. Kwa familia ya Mbagala au Kisauni bado ni viza, tiketi za ndege za watu watano na hoteli, yaani bado iko mbali. Kwa hiyo hoja ya kujenga bustani kubwa karibu na nyumbani naiunga mkono, na moyo wote. Sharti langu ni moja, nalo ni Jumanne.

Sikukuu haina shida. Idd pili, viwanja vya kufurahishia watoto vya Kariakoo Unguja na Tibirinzi Pemba hufurika, na Mnazi Mmoja huwezi kupita. Ukiwa na pembea kumi siku hiyo zitajaa, ukiwa na mia zitajaa. Bustani kubwa hufa au huishi kwa Jumanne ya katikati ya Aprili: masika yanamwagika, watoto wako darasani, mshahara umeisha. Siku hiyo pampu zinazunguka, mafundi wapo, waokoaji wamesimama kwenye mabwawa, na getini wameingia watu mia mbili.

Disney wenyewe walijikwaa hapo. Euro Disney ilifunguliwa karibu na Paris tarehe 12 Aprili 1992, ikitarajia wageni milioni 11 mwaka wa kwanza na ikiwa na vyumba vya hoteli zaidi ya 5,000. Hesabu iliandikwa kwa tabia ya Wamarekani, ambao humtoa mtoto shule siku mbili tatu wakasafiri. Wazazi wa Ulaya hawakufanya hivyo. Vyumba vikabaki vitupu nje ya likizo, na kufikia 1994 kampuni ilikuwa ikijadiliana na mabenki ili isifungwe. Kilichoisaidia kusimama ni pamoja na mahali ilipo: reli ya mjini inafika mlangoni tangu mwaka ule wa kufunguliwa, na treni za kasi tangu 1994.

Ratanga Junction ya Cape Town ilifunguliwa 1998 na kufungwa 2018, baada ya miaka mingi ya kufungua kwa msimu tu. Gold Reef City ya Johannesburg ipo tangu 1987, na kando yake kuna kasino na hoteli zinazoingiza fedha siku ambazo pembea hazina watu. Bustani kubwa ya Ankara ilifunguliwa Machi 2019, ikafungwa Februari 2020, mitambo ikabaki inashika kutu. Gurudumu kubwa la kupandia watu la Dubai, lenye urefu wa mita 250, lilifunguliwa Oktoba 2021 na kusimama kuanzia Machi 2022 hadi mwisho wa 2024. Fedha peke yake haiendeshi mtambo.

Sasa hesabu. Tuchukue mfano wa bustani ya wageni 300,000 kwa mwaka. Tuseme nusu yao wanakuja katika siku 60 tu: Idd, Krismasi, Pasaka, Sabasaba, na wikendi za likizo za Juni na Desemba. Hizo ni siku za watu 2,500. Nusu nyingine inagawanyika katika siku 300, yaani watu 500 kwa siku, na hao 500 ni wastani unaochanganya Jumamosi na Jumanne. Siku ya watu 2,500, karibu 1,900 watakuwa ndani kwa wakati mmoja. Ili kila mmoja apate mchezo mmoja na nusu kwa saa, mitambo yote kwa pamoja iweze kupakia watu 2,850 kwa saa. Chini ya hapo foleni inakula siku nzima, na mzazi aliyelipa kiingilio cha watoto watatu wakapanda mara nne tu harudi tena.

Rola kosta ndiyo inayowadanganya wengi hapa. Msafara wa viti 24 ukiondoka kila sekunde 90 unapandisha watu 960 kwa saa. Lakini hiyo inataka misafara miwili au zaidi, na njia iliyogawanywa vipande vyenye breki, ili kompyuta isiruhusu msafara mmoja kuingia kipande ambacho mwingine hajatoka. Anayenunua kwa bei nafuu hupata msafara mmoja, mzunguko mzima wa dakika nne pamoja na kupanda na kushuka. Hapo ni watu 360 kwa saa, sawasawa na vigari vya kugongana 30 vya mtu mmoja mmoja vinavyobadilisha watu kila dakika tano. Gharama zake haziko karibu hata kidogo. Ndiyo maana nasema awamu ya kwanza isiwe na rola kosta kubwa. Iwe na maji, kivuli, gurudumu la wastani, vigari, farasi wa kuzunguka na pembea za minyororo. Rola kosta ije mwaka wa nne au wa tano, Jumanne ikishapatiwa dawa.

Na dawa ya Jumanne ipo. Bustani ijengwe kwa sehemu zinazojitegemea, kila upande na pampu zake na swichi zake, ili siku ya kazi ufunge nusu nzima bila kugusa nusu nyingine. Ukijenga bwawa moja kubwa lenye chumba kimoja cha pampu, huwezi kulipunguza. Litataka umeme uleule kwa watu 200 na kwa watu 2,500. Idadi ya waokoaji nayo hufuata maji yaliyo wazi, haifuati watu walioingia. Kisha siku za kazi ziuzwe kwa shule: masomo ya kuogelea asubuhi, ziara za mabasi kwa bei ya jumla. Kalenda ya Kenya inasaidia pia, kwa sababu wanafunga shule Aprili na Agosti, miezi ambayo sio ya likizo ndefu huku Tanzania. Familia za Mombasa na Nairobi zikitafutwa mapema, Agosti inajaa, na Agosti ni kipupwe, hewa nzuri.

Nikifika kwenye ufukwe napoteza marafiki. Kila mwekezaji anataka pwani, kwa sababu ya mandhari. Mabomba ya kuteleza ya plastiki ngumu yanastahimili, na Kunduchi yapo miaka mingi. Mitambo ya chuma inayobeba watu hewani ni jambo jingine. Upepo wa bahari hubeba chumvi, chumvi huingia ndani ya mabomba ya chuma kupitia matundu ya boliti na maungio yasiyozibwa vizuri, na kutu hula kutoka ndani, mahali ambapo rangi ya nje inang'aa. Tarehe 26 Julai 2017, kwenye maonyesho ya jimbo la Ohio, Marekani, mkono wa mtambo wa kubembea ulikatika ukiwa kazini. Mtu mmoja alifariki na saba wakajeruhiwa. Mtambo ulikuwa wa miaka 18 na siku ile ile ulikuwa umepita ukaguzi. Watengenezaji walieleza kwamba kutu ya ndani ilikuwa imepunguza unene wa chuma. Macho hayaoni kitu hicho. Kinapimwa kwa mawimbi ya sauti yanayosoma unene wa ukuta wa bomba, na nyufa za maungio kwa rangi ya kupenya au unga wa sumaku. Wanaojua kupima hivyo tunao, wanafanya kazi kwenye gesi, meli na mabomba ya mafuta. Wapewe mkataba wa kila mwaka kabla pembea ya kwanza haijashuka bandarini. Na mtambo mkuukuu unaouzwa nafuu kwa kuwa umetoka kwenye maonyesho ya Ulaya usinunuliwe bila daftari lake la matengenezo tangu siku ya kwanza. Daftari likikosekana, hicho ni chuma chakavu.

Ukaguzi wa asubuhi ndio unaolinda watoto kuliko cheti chochote ukutani. Bustani ikifunguliwa saa 3, fundi awe juu ya mtambo saa 11 alfajiri. Anatembea njia nzima kwa miguu. Kila boliti kubwa imepigwa mstari wa rangi unaopita juu ya nati na chuma. Mstari ukivunjika, nati imezunguka, mtambo haufunguliwi. Anafunga na kuvuta kila kizuizi cha kiti, kimoja kimoja, si kwa sampuli. Anasikiliza beringi. Anazungusha mtambo mtupu mara tatu. Kisha anasaini, na msimamizi wa pembea anasaini kwa jina lake, si jina la idara. Kinachoharibika kwanza kwa joto letu ni matairi ya plastiki ya vigari vya rola kosta, yakifuatiwa na vihisio vya umeme vinavyoingiwa na unyevu. Vyote huagizwa nje, kwa hiyo seti moja kamili ikae stoo wakati wote. Mwenye stoo tupu hufika mahali akakifunga kihisio kwa waya ili mtambo uendelee kuzunguka, na ajali hutokea hapo.

Yale maboma ya hewa ya kurukia, ambayo watu huyachukulia kama mchezo wa kitoto, yanahitaji ukali uleule. Kiwango cha Ulaya kinataka yafungwe upepo ukizidi kilomita 38 kwa saa, na kila nanga ihimili mvuto wa nyutoni 1,600. Kwenye mchanga wa pwani kigingi kifupi kinang'oka kwa mkono. Weka uzito wa kilo 163 au zaidi kwa kila nanga, na kipima upepo cha mkononi, usikadirie kwa kuangalia minazi.

Maji ndiyo sura ndefu zaidi. Kanuni inayotumika Ulaya ni kuongeza lita 30 za maji mapya kwa kila mwogaji. Siku ya watu 2,500 ni lita 75,000. Mabwawa ya mita za mraba 1,500 yakipoteza milimita 6 kwa jua, ongeza lita 9,000. Hayo ni karibu maboza manane na nusu ya lita 10,000, siku moja. Oktoba 2022 Ruvu iliposhuka, Dar nzima iliingia kwenye mgao; bustani inayotegemea bomba la mtaa ingefunga, au ingewanyang'anya majirani. Kwa hiyo kuvuna maji ya mvua kwenye mapaa, na kuyasafisha upya maji ya kuoshea vichujio, viwe kwenye michoro ya mwanzo.

Klorini ibaki kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, kati ya 7.2 na 7.6. Visima vyetu vya mawe ya matumbawe hutoa maji magumu yanayopandisha pH, na pH ikifika 8 ni robo tu ya klorini inayofanya kazi, kwenye 7.2 ni theluthi mbili. Mtu anaona kipimo cha klorini kiko sawa huku vijidudu vinaishi. Jua nalo huichoma klorini isiyo na kinga haraka sana, kwa hiyo pimeni kila saa mbili. Kosa la hatari kuliko yote hutokea umeme ukikatika: pampu kubwa ya maji inasimama, pampu ndogo ya dawa inaendelea kudondosha asidi na klorini kwenye bomba lililotulia, vinakutana, na pampu kubwa ikiwaka gesi inalipukia bwawani. Swichi ya mtiririko inayozima dawa maji yanaposimama ni kitu kidogo. Bwawa lisilo nayo lisifunguliwe.

Na umeme utakatika. Kenya karibu nzima ilizimika usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, na gridi ya Tanzania imeshaanguka pia. Jenereta ya kVA 500 ikifanya kazi kwa nguvu zote inakunywa dizeli kama lita 100 kwa saa, kwa hiyo isiwe ya kuendeshea biashara siku nzima. Kazi yake iwe kuwashusha watu, kuzungusha maji na kuwasha taa. Gurudumu liwe na njia ya kuzungushwa kwa mkono, na zoezi la kushusha watu lifanywe kila mwezi gizani.

Mahali? Mimi nasema bara kidogo, kando ya reli ya SGR iliyoanza kubeba abiria Juni 2024, upande wa Soga au Ruvu. Huko chumvi ya bahari imepungua, na familia ya Morogoro inafika siku moja na kurudi. Kasoro yake ni kilomita za kwenda stesheni na ratiba ya treni isiyopangwa kwa watoto wanaorudi magharibi. Bila mabehewa ya jioni ya kuaminika, wazo hili halisimami, na afadhali kupanua kilichopo Kunduchi na Kigamboni.

Mradi wa ukubwa huu hupita NEMC, baraza la taifa la mazingira, kwa tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi huitwa kutoa maoni. Watakaokwenda wasiishie kuuliza ajira ngapi. Ombeni kuona makadirio ya wageni wa siku ya kazi mwezi Aprili, peke yake, bila kuchanganywa na Desemba. Ombeni jina la mamlaka itakayokagua mitambo ya kupandia watu, na kiwango itakachotumia. Ulizeni nani atalipa kung'oa vyuma bustani ikifungwa. Na kwenye kisima, ombeni matokeo ya jaribio la kusukuma maji saa 72 mfululizo, yenye kipimo cha chumvi mwanzoni na mwishoni, lililofanywa mwisho wa kiangazi. Jaribio lililofanywa Mei lirudiwe.