Kutoka Kasese Hadi Kwenye Barafu ya Kusini

Mimi ni mzaliwa wa Kasese, na utotoni barafu kwangu ilikuwa ule weupe unaochungulia juu ya Rwenzori alfajiri, kabla mawingu hayajaufunika. Kwa hiyo Baba Shamimu aliponishauri kwamba akiba tuliyoiweka kwa ajili ya kuadhimisha miaka 25 ya ndoa yetu tuitumie kwa safari ya meli kutoka Chile kuelekea Antaktika, nilibishia bei tu. Safari yenyewe sikuibishia.

Tulipanda meli San Antonio, bandari inayohudumia Santiago, mwanzoni mwa Desemba, wakati ambapo huko kusini kiangazi ndicho kinaingia. Siku za mwanzo sina la kusimulia isipokuwa chakula, ambacho kilikuwa kingi kupita haja. Baada ya Puerto Montt, meli iliingia kwenye fyodi, yaani mabonde marefu yaliyochimbwa na barafu ya kale kisha yakajazwa na bahari, nasi tukawa tunapita katikati ya milima iliyotusogelea pande zote mbili, yenye misitu iliyolowa na maporomoko ya maji yasiyohesabika.

Siku ya mto wa barafu uitwao Amalia, nilitoka nje mapema nikidhani maji yamechafuka, kwa sababu yalikuwa na ukungu wa kijani kama uji mwepesi. Kumbe barafu inaposhuka mlimani husaga miamba chini yake ikawa unga laini, na unga huo ndio unaogeuza rangi ya maji. Kisha ukuta wenyewe ukatokea, na nyufa zake zilikuwa za buluu kali, kwa kuwa barafu iliyokandamizwa miaka mingi hubakiwa na vipovu vichache vya hewa, ikameza wekundu wa mwanga na kuiachia buluu ipite. Pande moja lilimomonyoka mbele ya macho yetu. Tuliliona likianguka kimyakimya, kisha mshindo ukatufikia baadaye, kama lori linalomwaga mawe.

Baba Shamimu, ambaye si mtu wa kunyamaza, alikaa muda mrefu ameshika ukingo wa meli.

"Mama Shamimu," akasema, "ya kwetu imebaki kiasi gani?"

Swali hilo lilinichoma. Mwanamfalme wa Italia, Luigi Amedeo, alipofika Rwenzori mwaka 1906, milima yake mikuu yote sita ilikuwa na barafu. Leo Emin, Gessi na ule uliopewa jina lake, Luigi di Savoia, haina tena, na kilichosalia kimejishikiza zaidi kwenye mlima Stanley. Amalia nayo imerudi nyuma mno tangu karne iliyopita, ila imeanza ikiwa na akiba kubwa zaidi.

Katika Mlango wa Beagle, njia ya bahari kwenye ncha ya kusini ya Amerika Kusini, tulipita mito ya barafu iliyofuatana, ikiitwa Ujerumani, Ufaransa, Italia na Uholanzi, utadhani nayo iligawanywa Berlin. Magharibi tulikuwa tukiiswali karibu saa nne usiku, na tulipozidi kwenda kusini giza likakataa kuja, ikabidi tukadirie nyakati kwa saa za Punta Arenas, mji wa kusini mwa Chile.

Kutoka Rasi ya Horn hadi visiwa vya Shetland Kusini ni takriban kilomita 800 za Mlango wa Drake, ambako upepo huizunguka dunia bila kukutana na nchi kavu ya kuuzuia. Wahudumu walilowesha vitambaa vya meza ili sahani zisiteleze na kuning'iniza mifuko ya kutapikia kwenye ngazi. Tangawizi niliyoitoa nyumbani ilinisaidia mimi. Baba Shamimu haikumsaidia kitu.

Lililotuudhi ni kwamba wakala aliyetuuzia tiketi hakutuambia kuwa meli yenye abiria zaidi ya 500 hairuhusiwi kushusha watu Antaktika, na kwamba hata meli ndogo hushusha watu wasiozidi 100 kwa wakati mmoja. Yetu ilibeba zaidi ya elfu moja. Pengwini tuliwaona kwa darubini, vidoa vyeusi juu ya theluji iliyochafuliwa na kinyesi chao, na mimi nakiri kwamba Amalia ilinigusa zaidi kuliko bara lenyewe.

Sasa Baba Shamimu ameanza kuulizia bei za meli ndogo. Nimemwambia tupande kwanza Rwenzori, maana Amalia itatungoja kuliko barafu ya Margherita, kilele cha mlima Stanley. Akanionyesha magoti yake.